Panya Hakufa, Lakini Je, Losheni ni Salama?

Hotuba kwa watengenezaji wadogo wa losheni, sabuni na dawa za mitishamba, Kampala

Mwenyekiti wa kikao, ndugu watengenezaji, wenye maduka ya dawa, mafundi wa saluni, na wenzetu mliotoka Kenya, Tanzania, Kongo na Sudan Kusini, habari za asubuhi. Tunazungumza Kiswahili leo kwa sababu bidhaa zenu zinavuka Busia, Mutukula, Mpondwe na Elegu kila siku, na mwenye kuzipaka upande wa pili ana haki ya kuelewa tunachosema.

Wengi wenu mnapoleta bidhaa maabara huja na maneno haya: "Ilishapimwa, panya hakufa." Tutaanza hapo, maana maneno hayo ni kweli na bado hayasemi kitu mlichotaka yaseme.

Kipimo kinachozungumziwa ni cha sumu ya papo kwa papo. Kwa utaratibu wa mwongozo namba 423 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, panya watatu hupewa dozi moja kwa mdomo, ikichaguliwa kati ya miligramu 5, 50, 300 au 2,000 kwa kila kilo ya uzito, kisha huangaliwa kwa siku 14. Wakibaki hai, panya wengine watatu hupewa dozi ile ile kuhakikisha, kisha dozi hupanda. Wakifa, inashuka. Swali linalojibiwa ni moja: mtu akimeza nyingi kwa mkupuo, atakufa? Swali hilo lina kazi yake, kwa mfano mtoto akinywa chupa nzima ya dawa nyumbani. Lakini mteja wako hamezi losheni. Anaipaka asubuhi na jioni, miaka mitano. Zebaki ni mfano unaotosha. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha taarifa ya wagonjwa 60 wenye ugonjwa wa figo unaovujisha protini kwenye mkojo. Wagonjwa 32 kati yao walikuwa wanatumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na krimu hizo zilikuwa na asilimia 5 hadi 10 ya chumvi yake. Hakuna hata mmoja aliyeanguka siku ya kwanza kupaka.

Kwa hiyo utafiti wa usalama hauishii kwenye kifo. Kipimo kinachofuata ni cha kurudia dozi, siku 28 au siku 90. Cha siku 28 kinataka angalau panya madume watano na majike watano kwa kila kundi, makundi matatu ya dozi, na kundi la nne linganishi linalopewa maji au mafuta yale yale yaliyotumika kuyeyushia dawa. Cha siku 90 kinataka kumi na kumi. Wanapimwa uzito na chakula, damu inachukuliwa, vimeng'enya vya ini na kreatinini, ambayo ni kipimo cha figo, vinasomwa, na mwishoni ini, figo, moyo, wengu na korodani vinapimwa uzito na kukatwa vipande vyembamba chini ya hadubini. Kinachotafutwa ni kipimo cha juu kabisa kisichoonyesha madhara. Kumbukeni namba hiyo, tutaihitaji kwenye hesabu.

Kazi hii huharibikia mahali pale pale kila mara, hasa kwa dawa za mitishamba. Kwanza, mtafiti huloweka majani kwenye ethanoli, hukausha, kisha huwapa panya unga wa dondoo. Mgonjwa naye huchemsha majani yale yale kwa maji. Ethanoli hutoa vitu ambavyo maji hayatoi, na maji hutoa vitu ambavyo ethanoli huacha. Matokeo ya mululuza, ule mmea wa majani machungu, iliyolowekwa kwenye pombe hayamlindi mtu anayekunywa mululuza iliyochemshwa sufuriani. Chemsheni kama mgonjwa anavyochemsha, kwa muda ule ule, ndipo mkaushe. Pili, damu huvutwa kwa pupa kwa sindano nyembamba, chembe nyekundu zinapasuka, potasiamu na kimeng'enya cha AST vinapanda, halafu ripoti inaandika kwamba ini limeumia. Sampuli yenye rangi ya waridi itupwe, msiisome. Tatu, kundi linganishi linaachwa bila kupewa chochote, ilhali makundi mengine yanaingizwa bomba kooni kila siku. Hapo huwezi kujua kilichomkondesha panya ni dawa au ni bomba.

Ikipatikana namba safi, haihamishwi moja kwa moja kwa binadamu. Panya mkubwa wa maabara huchoma nishati haraka kuliko sisi kwa kila kilo, kwa hiyo kipimo chake hugawanywa kwa 6.2, na cha panya mdogo kwa 12.3. Kisha, kabla ya kumpa binadamu kwa mara ya kwanza, jibu hugawanywa tena angalau kwa 10. Tuseme panya hakuonyesha dhara kwa miligramu 620 kwa kilo. Gawanya kwa 6.2, unapata 100. Gawanya kwa 10, unapata 10. Mtu wa kilo 60 anaanzia miligramu 600 za dondoo kavu. Sasa pima kikombe chako kina miligramu ngapi za dondoo kavu. Wengi hawajawahi kukausha kikombe kimoja kikaisha maji wakakipima kwenye mizani, na bila hilo hesabu yote ya juu haina pa kushika.

Hata hivyo panya si binadamu. Thalidomaidi iliuzwa kuanzia 1957 kama dawa salama ya usingizi na kichefuchefu cha wajawazito, ikaondolewa sokoni 1961, na zaidi ya watoto 10,000 walizaliwa na viungo vilivyopungua. Panya huistahimili. Sungura huonyesha madhara yake. Ndiyo maana leo dawa inayokusudiwa kutumiwa na wajawazito hupimwa kwa wanyama wa aina mbili, mmoja wao asiye wa jamii ya panya.

Tuje kwenye losheni, maana nusu ya ukumbi huu ni watu wa losheni. Habari njema ni kwamba hamhitaji panya hata mmoja. Viambato vingi mnavyotumia vilishapimwa na matokeo yake yapo wazi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuwajaribia wanyama vipodozi vilivyokamilika mwaka 2004, ukafuata kwa viambato 2009, na 2013 ukafunga soko kwa bidhaa zilizojaribiwa hivyo. Kinachotakiwa kwako ni kalamu.

Kamati ya kisayansi ya Ulaya inayosimamia usalama wa walaji inakadiria kwamba mtu mzima hupaka gramu 7.82 za losheni ya mwili kwa siku, na gramu 1.54 za krimu ya uso. Chukua kiambato kilichomo kwa asilimia 0.5 kwenye losheni. Gramu 7.82 zinabeba miligramu 39.1. Kama asilimia 10 inapenya ngozi, mwilini zinaingia miligramu 3.91. Gawanya kwa kilo 60: miligramu 0.065 kwa kilo kwa siku. Tuseme kipimo kisichoonyesha madhara, baada ya kurekebishwa kwa kile kinachofyonzwa tumboni, ni miligramu 10 kwa kilo. Gawanya 10 kwa 0.065. Unapata kama 153. Ukingo wa usalama unaokubalika ni 100 kwenda juu, kwa hiyo hapo umepita.

Lakini ngojeni. Kiambato hicho hicho kimo kwenye sabuni, mafuta ya nywele, krimu ya uso na kiondoa harufu ya kwapa. Ukijumlisha vipodozi vyote vya siku, makadirio yanafika gramu 17.4. Rudia hesabu: ukingo unashuka hadi 69. Bidhaa moja ilikuwa salama, na kapu zima la bafuni si salama. Ukiwa huna kipimo cha kupenya, usijipendelee kwa kuandika asilimia 10. Kamati inataka uchukue 50, na hapo hata losheni peke yake inaanguka, ukingo ukiwa kama 31.

Mtoto mchanga ana ngozi nyingi kwa kila kilo, mara 2.3 ya mtu mzima. Akifikisha mwaka mmoja bado ni mara 1.6. Sehemu inayofunikwa na nepi ina joto, unyevu na mikwaruzo, nayo hupitisha zaidi. Anayechukua fomula ya mama, akabadilisha lebo na kuchora dubu, hajatengeneza bidhaa ya mtoto.

Sasa tuseme wazi jambo tunaloliamini: watu wanaodhuriwa na vipodozi na dawa katika miji yetu hawadhuriwi na kemikali ngeni zinazosubiri utafiti. Wanadhuriwa na vitu vinavyojulikana kwa miaka mingi, vilivyowekwa kwa makusudi au kwa uzembe.

Zebaki hukaa mahali pa shaba ndani ya kimeng'enya cha tairosinezi, na rangi ya ngozi haitengenezwi. Kikomo kilichozoeleka kama uchafu wa bahati mbaya ni miligramu 1 kwa kilo. Krimu iliyotiwa zebaki makusudi inaweza kuwa na 10,000. Mtu akipaka gramu 1.54 usoni, anaweka miligramu 15 za zebaki kila siku, mahali penye pua na mdomo. Hutoa mvuke pia, hivyo kupitia taulo na mto wa mama humfikia mtoto asiyepaka chochote. Dalili zake ni povu kwenye mkojo na uvimbe wa macho asubuhi na miguu jioni. Kwenye lebo tafuta kalomeli, "mercuric iodide", "ammoniated mercury", au onyo la ajabu la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au aluminiamu. Mashine ya miale ya X inayoshikwa mkononi huchuja haraka, lakini karibu na kikomo haiaminiki. Jibu la mwisho ni la maabara, kwa mbinu ya mvuke baridi.

Haidrokwinoni nayo hufunga tairosinezi hiyo hiyo. Ulaya iliiondoa kwenye krimu za kung'arisha tangu 2001, na mahali pake leo ni kwa daktari, asilimia 2 hadi 4, kwa muda mfupi. Ikipakwa miaka mingi juani huleta madoa ya bluu-nyeusi kwenye mashavu, yaliyoelezwa Afrika Kusini mwaka 1975, na hayo hayatoki kirahisi. Ubaya ni kwamba mteja akiona anakuwa mweusi huongeza kupaka. Krimu iliyokuwa nyeupe ikageuka kahawia mdomoni mwa kopo inaonyesha kitu kinachooza kwa hewa. Si ushahidi, lakini inatosha kumfanya muuzaji asite.

Ya tatu ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi kwa sababu hufanya kazi vizuri: klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, asilimia 0.05. Ni dawa halali ya daktari wa ngozi, isiyozidi gramu 50 kwa wiki wala wiki mbili mfululizo. Gramu 2 tu kwa siku zinaweza kuzubaisha tezi za juu ya figo. Rudini kwenye gramu 7.82 za mwili mzima: kwa wiki ni karibu gramu 55. Anayejichubua kwa mrija huo anavuka kikomo cha wiki tangu wiki ya kwanza, naye huendelea miaka. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, michirizi inatokea mapajani, fangasi inasambaa bila kuwasha. Mafundi wa saluni, sikieni hili: mteja aliyetumia muda mrefu msimwambie aache leo. Mwili uliosahau kutengeneza homoni yake unaweza kuporomoka, shinikizo likashuka akazimia. Mpelekeni hospitali, apunguziwe taratibu. Na mkorogo mnaouchanganya nyuma ya pazia, krimu tatu kwenye beseni moja, hauna kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukihesabu. Hatuna ushauri wa kuuboresha.

Kisheria, kipodozi Uganda kiko chini ya shirika la viwango, UNBS, na viwango vya Afrika Mashariki namba 377 vinaorodhesha vilivyokatazwa, vilivyowekewa mipaka, rangi, vihifadhi na vichuja jua. Ukitia steroidi umeshatengeneza dawa, na dawa ni ya NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, chini ya sheria ya 1993. Kuandika "asilia" kwenye kopo hakubadili hilo.

Kwa wenye sharubati na dawa za kikohozi, kitu kimoja kinashinda vyote: pipa la glisarini. Dayethilini glaikoli, sumu inayoweza kuingizwa humo badala ya glisarini, ni tamu, nzito, haina rangi, bei yake ni ya chini, na kwa macho huwezi kuitofautisha na glisarini. Mwaka 1937 kule Marekani kampuni moja iliyeyushia ndani yake dawa ya salfa. Walikagua ladha, rangi na harufu, hawakukagua sumu. Zaidi ya watu 100 walikufa, na sheria ya 1938 ikazaliwa. Haiti ilipoteza watoto zaidi ya 80 mwaka 1996. Gambia ilipoteza watoto wapatao 70 mwaka 2022. Kisayansi hakuna fumbo hapa: ini huibadilisha kuwa asidi inayoua mirija ya figo, na mtoto huacha kukojoa. Kikomo ni asilimia 0.10, na ni hivyo hivyo kwa ndugu yake ethilini glaikoli.

Cheti cha uchambuzi hakipimi chochote. Huko Haiti glisarini ilipita mikono ya mawakala kadhaa, na karatasi zilisafiri nayo. Chukua sampuli ya kila pipa, si pipa moja kwa kila shehena. Maabara yenye bamba la kromatografia tabaka nyembamba inaweza kuchuja, na yenye kromatografia ya gesi inatoa namba. Jerikani iliyofunguliwa sokoni Kikuubo na kumiminwa kwenye nyingine imepoteza historia yake, na haifai kwa dawa ya mtoto hata kama kipande cha kwanza cha shehena kilikuwa safi.

Turudi kwa losheni, kwenye vihifadhi, ambako hofu na hatari havikai pamoja. Wateja wanataka "bila parabeni". Methiliparabeni inaruhusiwa Ulaya hadi asilimia 0.4, na rekodi yake ya mzio ni nzuri. Viwanda vilipoikimbia vikachukua methiliaisothiazolinoni, na mlipuko wa mzio uliofuata ukaifanya Ulaya iipige marufuku kwenye bidhaa zisizosuuzwa kuanzia 2017. Tungependelea losheni yenye parabeni kuliko losheni iliyooza.

Inavyooza ni hivi. Mtengenezaji huchukua shea laini ya kaskazini, ya Lango au Acholi, huongeza maji ya mshubiri mbichi, kisha huweka sodiamu benzoeti asilimia 0.5 kwa kuwa aliisoma kwenye chupa ya juisi. Losheni ina pH 6 (kipimo cha uasidi: namba ikishuka, uasidi umepanda). Benzoeti huua vijidudu ikiwa katika umbo la asidi tu: kwenye pH 4.2 nusu yake iko kazini, kwenye 5.2 ni asilimia 9, kwenye 6 haifiki 2. Umehifadhi jina la kihifadhi. Isitoshe, benzoeti yenyewe huinua pH, kwa hiyo pima baada ya kuitia, rekebisha kwa asidi ya sitriki, kisha pima tena kesho yake. Mashine ya pH isahihishwe kwa myeyusho wa 4 na wa 7 asubuhi ya siku ya kazi. Kikomo cha kimataifa ni vijidudu 1,000 kwa gramu, na 100 kwa bidhaa za watoto chini ya miaka mitatu au za macho. Kipimo cha kuthibitisha kihifadhi hupanda vijidudu hadi laki moja au milioni moja kwa gramu makusudi, na bakteria lazima washuke mara elfu ndani ya siku 7. Kopo la mdomo mpana linalochovywa kwa vidole ni mtihani huo huo kila siku, kwa hiyo pampu au mrija ni sehemu ya fomula.

Kuhusu macho: shampuu huingia machoni, na njia ya zamani ya kumtia sungura jichoni ina mbadala unaowezekana hapa. Macho ya ng'ombe kutoka machinjioni hubebwa kwenye maji ya chumvi baridi yenye antibayotiki, hutumiwa siku hiyo hiyo, na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, iliyokwaruzwa hutupwa. Konea tatu kwa kila bidhaa hufungwa kwenye kishikio, mililita 0.75 za bidhaa hukaa juu yake dakika 10, huoshwa, hukaa saa mbili kwenye nyuzi 32. Kisha hupimwa ukungu, na rangi ya fluoresini iliyopenya. Alama ya vyote viwili ikiwa 3 kushuka, bidhaa haihitaji onyo la jicho. Zaidi ya 55, inaharibu vibaya. Katikati, mwongozo wa kipimo hiki unakataa kusema, nasi tunapendekeza mkatae pia kusema. Makosa mengi ni ya barafu kuyeyuka njiani.

Piko kwa ufupi: ikiwa nyeusi ndani ya saa moja, si hina. Ni rangi ya nywele yenye parafenilinidiamini, ambayo Ulaya inairuhusu hadi asilimia 2 kichwani na haiiruhusu mikononi mwa bibi harusi. Atakayevimba mara moja anaweza kuvimba kila atakapopaka nywele rangi yenye kemikali hiyo, maisha yake yote. Kabla ya kupaka rangi kichwani, weka tone nyuma ya sikio, subiri saa 48.

Mwisho ni rafu. Kila bechi, weka kopo mbili zilizofungwa, penye kivuli, hadi mwaka mmoja baada ya tarehe ya kuisha. Andika namba ya bechi, namba ya pipa la kila malighafi, pH na jina la aliyepima. Mteja akirudi na vipele, usimrudishie pesa na kutupa kopo lake. Lichukue, lifunge, uliza alianza lini, alipaka wapi, alichanganya na nini. Linganisha kopo lake na lako la rafuni. Likioza lake peke yake, tatizo liko kwenye kopo au duka. Yakioza yote mawili, rudisha bechi nzima, na kama ni dawa, peleka taarifa NDA siku hiyo hiyo.

Maswali sasa. Wa mitishamba waanze, kwa kuwa tumewasema sana.